Kiazi Kilichoota Chini ya Kiti cha Mgeni

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Nakuru alinijia akiwa na furaha ya bwana harusi. Amenunua gari la watalii kwa mkopo wa sacco: paa linafunguka, viti vimeshonwa upya, picha ya kifaru imechorwa ubavuni. "Anko, nipe siri za hii kazi." Nikamuuliza swali moja tu: wageni wakikatika miezi minne, utafanyaje? Akacheka. "Korona ilishapita, anko."

Februari 2020 nami nilikuwa nikicheka vivyo hivyo. Basi nikamkalisha, nikaagiza chai, nikamwambia haya ninayoyaandika hapa, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye vyumba viwili vya kulaza wageni, mashua ya kukodisha, au gari moja kama langu. Sizungumzii hoteli kubwa. Hizo zina wahasibu, na Mei 2020 serikali ilizitangazia shilingi bilioni 2 za mikopo nafuu ya ukarabati. Mimi nilikuwa na gari, deni na simu.

Naanza na dipoziti kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi.

Akina mama kumi na mmoja wa kanisa moja kule Kisumu walikuwa wamepanga kuja Nakuru Pasaka ya 2020. Walichanga elfu nne kila mmoja, mweka hazina wao akanitumia 44,000. Siku hiyo hiyo nikanunua tairi nne. Mbona nisinunue? Safari ipo, tairi zimekwisha, pesa imeingia. Ijumaa ya tarehe 13 Machi, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Jumapili ikatangazwa kuwa shule zinafungwa. Kufikia tarehe 25 ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa, na tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 Nairobi ikazibwa, haingiliki wala haitokeki, na kwa sisi wa Nakuru hilo liliuma kuliko ndege, maana wageni wetu wa wikendi huteremkia barabara ya Naivasha.

Mweka hazina akapiga. "Baba, niambie ukweli. Pesa iko au haiko?"

"Iko, mama. Lakini iko chini ya gari. Imekuwa tairi."

Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Nikamtumia 12,000 zilizobaki jioni ile, na nikamwahidi 32,000 kidogo kidogo. Wakati huo kutuma shilingi 1,000 kwenda chini kwa M-Pesa kulikuwa bure, hatua iliyowekwa Machi ili watu wapunguze kushikana noti, ikadumu hadi mwisho wa mwaka. Kwa hiyo nilituma elfu moja moja. Kuna wiki nilituma mara mbili, kuna wiki nilituma salamu tu. Kila ikiingia, mama yule alijibu kwa neno moja: "Tairi." Nilimaliza Desemba, siku chache kabla ada za kutuma hazijarudi.

Nami nilikuwa nadai pia. Kampuni moja ya jiji kubwa, jina nalihifadhi, haikunilipa safari ya Februari. Simu haishikwi, ujumbe unasomwa haujibiwi. Mambo yalipofunguka wakanipigia kwa bashasha kana kwamba tulionana jana, wana wageni, wanataka gari. Niliwaambia gari lina kazi. Halikuwa na kazi.

Kijana wangu, dipoziti ya mgeni si mtaji wako. Iweke kwenye laini nyingine au akaunti ya kando, na usiiguse mpaka mgeni amekalia kiti. Kama lazima uiguse, andika mapema ni kiasi gani hakirudi na kwa nini, mgeni akubali kwa maandishi, hata kama ni WhatsApp.

La pili ni gari lenyewe. Usiliuze, litafutie kibarua. Rafiki yangu wa kazi aliuza lake Mei 2020 kwa bei ya kutupa, na kufikia Krismasi alikuwa akiendesha gari la mtu mwingine kwa posho ya siku. Mimi niling'oa viti vya nyuma nikawa nafuata viazi Molo na Elburgon. Vyakula viliruhusiwa kupita vizuizi. Naondoka kafyu ikiisha, ukungu umelala barabarani, narudi na magunia saa nne asubuhi, nauza kwa kina mama wa vibanda. Faida yake ilikuwa ya kununua unga na kumtumia mama wa Kisumu elfu yake, haikuzidi hapo. Lakini injini ilikuwa inawaka kila siku, na gari linalowaka haliliwi na panya nyaya. (Waliolaza magari yao wanajua nasema nini.)

Kosa langu lilikuwa kuacha cheti cha ukaguzi kiishe muda ili kubana matumizi. Nchi ilipofunguliwa nilikaa wiki tatu nikishughulikia makaratasi huku wenzangu wakibeba wageni. Na kabla hujabeba mizigo kwa gari la abiria, muulize wakala wako wa bima. Mimi sikumuuliza, nikabahatika. Usiifuate bahati yangu.

Sasa nifike kwenye kufunguliwa, maana hapo ndipo wengi hukosea.

Julai 6, 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliondoa marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi. Ndege za ndani zikarudi tarehe 15, za kimataifa tarehe 1 Agosti. Nikaosha gari, nikarudisha viti, nikakaa nikingoja Wazungu. Hawakuja. Mwaka 2019 Kenya ilipokea wageni wa kigeni zaidi ya milioni 2, na 2020 hawakufika hata laki 6, wengi wao wakiwa wa ile miezi ya mwanzo. Tangazo la serikali hufungua barabara, halimwondolei mtu hofu wala halimjazi mfuko.

Simu ya kwanza ilitoka mtaa wa Section 58, dakika kumi kutoka kwangu. Muuguzi, mama wa watoto wanne, amekaa Nakuru miaka kumi na tisa, na hajawahi kuingia mbugani. Ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru umepakana na mji wetu, nyani wake tunawajua kwa sura, lakini yeye aliamini mle ndani ni kwa watu wa dola. Alikuwa amesikia kwamba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori limepunguza ada za kuingia, punguzo lililoanza Julai hadi Juni ya mwaka uliofuata. Akaniuliza bei kwa sauti ya mtu anayejiandaa kukata simu.

Hatukuwa tumefika hata langoni kitinda mimba wake akaingiza mkono chini ya kiti akatoa kiazi. Kimeota, machipukizi meupe marefu kama vidole. Akakiinua juu. "Mama, na huyu ni mnyama gani?"

Nilitamani nimezwe na ziwa. Muuguzi alicheka mpaka barakoa ikamteremka. Alasiri ile ndiyo iliyonifundisha biashara upya. Nilikuwa nimezoea kupanga bei kwa gari, siku nzima. Mwenyeji hataki siku nzima, anataka kuanzia saa saba mchana na kurudi kabla ya kafyu, ambayo Juni ilikuwa imesogezwa hadi saa tatu usiku. Anataka bei ya kichwa, kwa shilingi, ada ya lango ikiwa ndani, asije akashtukizwa mbele ya watoto. Amebeba chapati na chai yake na hataki kuelezwa kuhusu mkahawa. Na haji kuhesabu aina za ndege. Anataka picha ya familia pale juu ya jabali la Baboon Cliff, ziwa lote likionekana nyuma, na anataka umpige wewe mara kumi na tano bila kununa. Nilijifunza kutonuna. Picha zile ziliingia kwenye status za watu, na wiki iliyofuata nilipigiwa na mwalimu, fundi cherehani, na kikundi cha waendesha bodaboda waliotaka kumwona kifaru kwa macho yao.

Kwa asiyeweza ada ya lango nilikuwa na Menengai. Unampeleka juu ukingoni, upepo, hewa ya wazi, shimo la volkano limetandaza chini kama bakuli kubwa, unampa saa mbili za kutembea. Katika mwaka ambao kila mtu aliogopa kukaa ndani na wenzake, hakuna bidhaa iliyouzika kuliko hewa.

Na usimuuzie mgeni kisichokuwepo. Sisi tulikuwa na balaa mbili kwa wakati mmoja, korona na maji. Ziwa lilikuwa limefura miaka kadhaa, 2020 likapita kiasi, nyumba za mitaa ya Mwariki na Barut zikaingia majini, na lango kuu la zamani likamezwa. Maji yakizidi, magadi hupungua nguvu, na mwani ambao heroe wanaula hupungua nao. Wale ndege wa pinki tunaowaita flamingo wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Bado kuna madereva waliokuwa wakituma picha za zamani, ziwa jekundu lote. Mimi nilisema kwenye simu: heroe ni wachache, vifaru wapo, weusi na weupe, twiga wapo, simba ni bahati yako. Waliokuja hawakunilalamikia.

Usafi sitaukalia sana. Ndoo yenye bomba, sabuni, barakoa, sheria ya abiria wanane kwenye gari la watu kumi na wanne: vyote nilifuata, na bei ya kichwa ikapanda kwa sababu hiyo. Kile kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso, asubuhi za baridi, kilinipa digrii 33 kwa kila mtu, yaani kwa mujibu wake nilikuwa nabeba maiti. Kilichosaidia kweli, kwa maoni yangu, ni madirisha wazi na paa juu.

Kisha tukafungwa tena, na hili wengi wa kaunti nyingine hawalikumbuki. Ijumaa, 26 Machi 2021, wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu, kaunti tano zilifungiwa: Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru. Kafyu saa mbili usiku. Akina mama wa Kisumu walikuwa wamelipa tena, kumi na mmoja wale wale, Pasaka tena. Safari hii sikungoja kupigiwa. Tangazo lilipoisha nilituma 44,000 zote, zikatoka kwenye laini ya kando, kabla sijala chakula cha jioni. Jibu likaja: "Tairi ziko salama?"

Tulifunguliwa 1 Mei. Mwishoni mwa Juni, mashindano ya magari ya Safari Rally yakarudi kwenye ratiba ya dunia, mara ya kwanza tangu 2002, na makao yake yakawa Naivasha, ndani ya kaunti yetu. Siku nne nilibeba Wakenya, vumbi hadi kwenye meno, nikalipa madeni ya miezi miwili. Lakini wiki ile ile Kisumu na kaunti nyingine kumi na mbili za upande wa magharibi wa nchi zilikuwa chini ya kafyu ya saa moja jioni, hadi mwisho wa Julai, kwa sababu ya wimbi jipya la korona ya aina ya Delta. Saa chache za barabara, huku sherehe, kule matanga. Ndiyo maana namwambia kijana asiweke wageni wake wote kwenye kapu la mji mmoja au nchi moja. Uingereza ilituweka kwenye orodha nyekundu ya nchi za hatari ya korona kuanzia Aprili hadi Septemba mwaka ule. Aliyetegemea Waingereza pekee alikaa kimya miezi mitano tena.

Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa. Usiku ule ule simu ikaita kutoka Kisumu.

Walikuja Novemba. Niliwafuata mwenyewe, tukaondoka Kisumu giza halijaisha, chai Kericho, tukafika lango la mbuga la Lanet jua limepanda. Walikuwa tisa. Wawili hawakuwepo, na kabla gari halijaingia waliimba wimbo mmoja kwa ajili yao, nami nikazima injini mpaka wakamaliza.

Mweka hazina sikuwahi kumwona uso kwa uso kabla ya siku ile. Mfupi, miwani minene, mkoba umebanwa kwapani. Kule Kisumu, kabla ya kukaa, alilizunguka gari taratibu, akazikanyaga tairi moja moja kwa ncha ya kiatu. Nilikuwa nimeshamhadithia habari za kiazi. Akapanda, akainama, akachungulia chini ya kiti chake muda mrefu.

"Umepoteza nini, mama?"

"Naangalia kama kuna hela zetu nyingine zimeota huku."