Maswali ya Wasomaji: Maombi 27 na Hakuna Aliyeniita

SWALI

Shikamoo Wakili. Mimi ni binti wa Tanga, nipo mwaka wa tatu wa shahada ya sheria hapa Leicester kwa viza ya mwanafunzi. Tangu Septemba nimetuma maombi 27 ya nafasi za usolisita mwanagenzi, yaani za kujifunza kazini uwakili wa kuwashauri wateja, karibu yote kwa kampuni kubwa za mawakili za London. Kampuni tisa zilinijibu kwa maneno yaleyale ya kunishukuru na kunitakia heri, nyingine zimenyamaza. Rafiki yangu mmoja aliyeisahihisha barua yangu alinishauri niondoe habari za kazi yangu ya Jumamosi dukani kwa shangazi, pamoja na habari za kuwafasiria wazee wetu katika kituo cha msaada wa kisheria, kwa kuwa hazina hadhi ya London. Je, alinishauri vema? Na nikimaliza masomo bila nafasi, nifanye nini? – M.S., Leicester

JIBU

Marahaba, binti yangu. Naamini rafiki yako alikutakia mema, lakini ushauri wake umekugharimu. Barua uliyoniambatishia nimeisoma mara mbili. Inaanza kwa kusema kwamba kampuni unayoiandikia ni kubwa, ina sifa duniani na huthamini ubora, kisha inasema kwamba wewe ni mchapakazi mwenye uwezo mzuri wa mawasiliano. Nimesoma maombi ya wanagenzi katika ofisi yetu kwa miaka mingi, na sentensi hizo mbili nazikuta kila msimu katika barua za vijana wasiofahamiana hata kidogo. Lifute jina la kampuni uweke la jirani yake. Ikiwa sentensi bado inasimama, msomaji hajaambiwa lolote kuhusu kampuni wala kuhusu wewe.

Katika barua pepe yako, kwa upande mwingine, kuna jambo ambalo ningetamani kulikuta katika ombi. Unaeleza kwamba mzee mmoja alifika kituoni na notisi ya kuhama, akiamini kwamba lazima atoke katika nyumba siku iliyoandikwa, nawe ukamwomba mshauri aeleze tena, polepole, tofauti kati ya notisi ya mwenye nyumba na amri ya mahakama, kwa sababu uliona kwamba neno moja la Kiswahili lingezibeba zote mbili na kumpoteza mzee. Hiyo ndiyo kazi ya solisita: kutambua mahali ambapo mteja na sheria hawaelewani, na kutokubali kuendelea mpaka waelewane. Liandike tukio hilo kwa mistari mitano au sita, useme uliona nini, ulifanya nini na kilitokea nini. Usitaje jina la mzee, mtaa wake wala jambo lolote litakalomtambulisha, kwani siri za mteja hulindwa hata na mfasiri wa kujitolea, na msomaji makini atapima jinsi unavyozitunza. Duka nalo lirudishe. Anayefunga hesabu za siku na kuzungumza na wauzaji wa jumla kuhusu deni lililochelewa anajua kuhusu biashara mambo ambayo wenzake wengi wanayasoma vitabuni tu.

Sasa kuhusu kampuni unazoziandikia. Kampuni kubwa za London kwa kawaida huchagua wanagenzi takriban miaka miwili kabla ya kazi kuanza, na nyingi hupendelea kuwachukua vijana ambao zimekwisha kuwaona katika mazoezi ya wiki chache wakati wa likizo. Maombi ya mazoezi hayo mara nyingi hufungwa kati ya Desemba na Januari, na baada ya fomu huja mtihani wa kupima hoja kwa njia ya kompyuta, kisha siku nzima ya usaili na kazi za vikundi. Mtu mmoja hawezi kuandika maombi 27 ya namna hiyo katika muhula mmoja na yote yakawa mazuri. Chagua kampuni saba au nane, usome kesi na mikataba ziliyoshughulikia, na uamue kwa unyofu kama unaitaka kazi hiyo.

Hapa asili yako ina uzito, ukiitumia mahali pake. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi, baada ya mawakili wa London kuwawakilisha wazee katika Mahakama Kuu. Mwaka 2015 madai ya wanavijiji wa eneo la mgodi wa North Mara, kule Tarime, yaliyofunguliwa London, yalimalizwa kwa maelewano nje ya mahakama. Kwa ofisi inayofanya madai ya namna hiyo, au inayosimamia mikopo na usuluhishi wa biashara za Afrika Mashariki chini ya sheria ya England, Kiswahili chako ni nyenzo ya kazi, na unapaswa kusema hivyo waziwazi. Kwa ofisi ya wosia na mauzo ya nyumba katika mji mdogo, habari za North Mara hazitakusaidia. Huko mwandikie mwajiri kuhusu wazee wa Leicester.

Swali lako la mwisho ndilo lililonigusa zaidi, maana naona vijana wengi wakikata tamaa kwa kudhani kwamba mkataba wa mafunzo wa miaka miwili, ule wa kupita idara nne kwa miezi sita kila moja, ndio mlango pekee. Tangu Septemba 2021 haiko hivyo kwa England na Wales. Mamlaka inayosimamia masolisita, ijulikanayo kwa herufi SRA, inataka shahada au elimu inayolingana nayo, ufaulu wa SQE1 na SQE2, yaani mitihani miwili ya kufuzu usolisita, uthibitisho wa tabia njema, na miaka miwili ya uzoefu wa kazi ya kisheria, ambayo inaweza kukusanywa katika taasisi zisizozidi nne. Kazi ya msaidizi wa kisheria huhesabiwa, na ya kujitolea katika kituo kama chako pia, mradi ikupe nafasi ya kukuza ujuzi unaotakiwa kwa solisita, na solisita anayeifahamu kazi yako aithibitishe. Kufasiri peke yake huenda kusitoshe. Mwombe solisita wa kituo akuruhusu uandike maelezo ya wateja na rasimu za barua chini ya usimamizi wake, na uweke daftari la tarehe na kazi ulizofanya, kwa sababu baada ya miaka miwili kumbukumbu ya kichwani haitamridhisha mtu anayetakiwa kutia saini.

Ada za mitihani hiyo miwili kwa pamoja huzidi pauni 4,700, bila kuhesabu kozi za maandalizi. Kampuni kubwa nyingi huwalipia wanagenzi wao, ofisi ndogo mara nyingi haziwezi. Uliza kabla ya kukubali nafasi.

Kuhusu viza, ukihitimu unaweza kuomba viza ya wahitimu, ambayo kwa mwenye shahada ya kwanza ni ya miaka miwili, ila watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 watapewa miezi 18. Haiongezwi. Baada yake utahitaji mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni, na orodha ya waajiri hao huchapishwa na serikali kwenye intaneti, kwa hiyo itazame kabla ya kuandika ombi. Ukiulizwa katika fomu kuhusu haki ya kufanya kazi, jibu ukweli mtupu.

SWALI

Mimi ni wakili wa Mahakama Kuu ya Kenya, nina miaka sita kazini Mombasa, na mume wangu amehamia Reading. Je, nami niombe nafasi ya uanagenzi? – Wakili, Mombasa

JIBU

Hapana, dada, usijirudishe nyuma. Aliyekwisha kuwa wakili kamili katika nchi nyingine hatakiwi kuonesha ile miaka miwili ya uzoefu. Utafanya SQE1, ambayo ina maswali 360 ya kuchagua jibu na ina vituo vya mtihani katika nchi nyingi, kisha SQE2, ambayo sehemu yake ya mdomo hufanyika England na Wales pekee. Kwa miaka yako sita unaweza kuiomba SRA ikusamehe SQE2, nayo itaupima uzoefu wako dhidi ya viwango vyake. Peleka ombi hilo kabla ya kulipia mtihani, na katika barua zako kwa waajiri jitambulishe kama wakili unayetafuta kazi ya uwakili.