Pipa limepasuka, bomba halina kosa

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara tatu. Unasema vipimo vimeonyesha homoni za thairoidi ziko juu, moyo unakwenda mbio, kikombe cha chai kinakutetemekea mkononi, na bado daktari amekurudisha nyumbani na propranololi peke yake. Unauliza mbona hakukupa dawa ya kushusha homoni, au amekudharau. Sidhani kama amekudharau. Kosa lake ni kwamba hakukueleza.

Tezi hii ya thairoidi, iliyokaa kama kipepeo chini ya koromeo haitengenezi homoni za kutumia leo kwa leo. Huweka akiba, na ya mtu mzima aliye na afya inaweza kumtosha miezi miwili hivi. Tezi ikishambuliwa na kuvimba, vijumba vya akiba huharibika, homoni zikamwagika kwenye damu zote kwa mkupuo. Ukipima, homoni ziko juu na TSH, ile homoni ya kichwani inayoiamuru tezi ifanye kazi, imeshuka, na karatasi ya majibu inafanana na ya mtu ambaye tezi yake inazalisha kupita kiasi. Tofauti ni kwamba kwake yeye bomba limefunguliwa mno, na kwako wewe pipa limepasuka. Kabimazoli, ile dawa ya kushusha homoni uliyoiulizia, hufunga bomba. Pipa lililopasuka hailizibi, na ungeishia kubeba madhara yake bure. Propranololi haigusi tezi, inautuliza moyo tu wakati akiba inakwisha yenyewe. (Kama kile kifua chako cha utotoni kinabana bado, mwambie daktari leo, maana dawa hiyo haiwafai wenye pumu.)

Kwa nini wewe? Kwa sababu una mtoto wa miezi minne. Wakati wa ujauzito kinga ya mwili hulegea kidogo ili imvumilie mtoto. Ukishajifungua inarudi kwa kishindo, na kwa baadhi ya wanawake, hasa wenye kingamwili zinazoitwa anti-TPO, inaigeukia tezi yao wenyewe. Kwa kawaida haiumi. Ndiyo maana ulidhani ni kukesha tu, na hata mimi ningedhani hivyo.

Tezi yangu nayo iliwahi kuvimba, ila kwa aina nyingine, na ulikuwa bado shule, hatukukusumbua nayo. Wiki chache baada ya mafua mabaya nilishikwa na maumivu shingoni yanayopanda hadi taya na sikio. Nilikwenda kwa daktari wa meno, akagonga jino moja moja, akasema yote mazima. Kwingine nikapewa antibiotiki, zikaisha, nikapewa nyingine. Daktari wa tatu ndiye aliyeniwekea vidole viwili shingoni akaniambia nimeze mate. Niliruka kitini. Akaagiza ESR, kipimo cha damu kinachoonyesha kama kuna uvimbe mwilini, ikaja juu sana. Aina hiyo huitwa kwa jina la Fritz de Quervain, mpasuaji wa Uswisi, na mara nyingi hufuata maambukizi ya virusi, kwa hiyo antibiotiki zangu zote zilikuwa kazi bure. Ibuprofeni haikunitosha. Prednisoloni ilinyamazisha maumivu kwa siku mbili, kisha dozi ikapunguzwa polepole kwa wiki kadhaa.

Ya shangazi yako ndiyo ile ya Hashimoto, daktari Mjapani aliyeieleza mwaka 1912 kutokana na wanawake wanne. Hiyo huitafuna tezi taratibu kwa miaka, na ndiyo maana anameza levothairoksini, yaani homoni ya tezi ya vidonge, kila alfajiri.

Sasa rudi kwa daktari wako na swali moja: amejuaje kwamba si ugonjwa wa Graves, ule wa bomba lililofunguliwa mno? Huo nao hujitokeza baada ya uzazi, na huo ndio unaotaka kabimazoli. Kipimo cha damu cha TRAb husaidia kuyatenganisha magonjwa hayo mawili. Wakikutajia picha ya tezi kwa dawa yenye mionzi, sema kabla ya lolote kwamba unanyonyesha. Na usijinunulie vidonge vya madini joto eti kulisha tezi.

Mimi ninachokiogopa zaidi ni miezi inayokuja. Akiba ikikauka kabla tezi haijapona, homoni hushuka: baridi wenzako wakiona joto, choo kigumu, mwili mzito, machozi ya karibu. Watu watakuambia ni uvivu, au ndiyo uzazi. Usiwasikilize, pima. Omba TSH irudiwe kila baada ya wiki nne hadi nane. Ikibidi utapewa levothairoksini, umeze tumbo tupu kwa maji, usubiri nusu saa hadi saa nzima ndipo ule. Vile vidonge vyako vya kuongeza damu viache vipishane nayo kwa muda wa saa nne, madini ya chuma huizuia isifyonzwe. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja. Wengine tezi haiamki tena, kwa hiyo hata ukipona utapima TSH kila mwaka, na mimba ijayo utalisema hili kliniki siku ya kwanza.

Moyo ukianza kudunda bila mpangilio, kifua kikiuma au pumzi ikibana, usiniandikie mimi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nitumie tarehe ya kipimo kijacho. Nitakuja kumshika mjukuu wangu, uingie maabara mikono mitupu.

Mama yako