Ndege za Mbali: Kilomita Hazibadiliki, Saa Hubadilika

Singapore hadi New York ni kilomita ngapi? Nikigawa kwa mwendo wa ndege, mbona sipati saa za kwenye ratiba?

Ni kama kilomita 15,350 kutoka Changi, uwanja wa ndege wa Singapore, hadi JFK, uwanja wa New York. Ukigawa kwa 900, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa, unapata 17, ilhali ratiba husema zaidi ya 18. Ratiba huanza kuhesabu ndege inapoondoka kwenye maegesho na humaliza inapoegeshwa tena, kwa hiyo foleni ya kuruka na mizunguko ya kusubiri kutua zote zimo. Zaidi ya hapo, ile 15,350 ni njia fupi kuliko zote, na rubani haifuati sawasawa.

Njia fupi kuliko zote inapita wapi? Kwenye ramani nimechora mstari ulionyooka, ukakatiza bahari.

Ramani ya ukutani imekudanganya. Chukua tufe, nyosha uzi kati ya miji hiyo miwili, utaona unapita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini, kwa sababu miji hiyo iko karibu pande mbili za dunia zinazotazamana. Hata kikokotoo huhitaji sana: kutoka Singapore hadi nchani ni karibu digrii 88.6, kutoka nchani hadi New York 49.4. Jumla 138. Kila digrii moja ya latitudo (kipimo cha kaskazini-kusini) ni kama kilomita 111, zidisha mwenyewe. (Mimi hesabu hii hunifurahisha kila mara.)

Ila ndege yenyewe mara nyingi hupitia Pasifiki, safari ikawa ndefu kwa kilomita lakini fupi kwa saa. Huko juu kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndege inayokwenda mashariki husukumwa nao.

Kumbe ndiyo maana kwenda na kurudi havilingani?

Ndiyo. Februari 2020 ndege ya abiria ilitoka New York hadi London chini ya saa 5, dhoruba ikiisukuma. Kurudi New York kwa kawaida ni saa 7 au 8.

Tiketi inaonyesha naondoka Singapore saa 6 usiku na kufika New York saa 11 alfajiri ya siku hiyohiyo. Ni saa 5 tu?

Laiti! Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Majira ya baridi New York iko nyuma ya Singapore kwa saa 13. Ongeza 13 kwenye hizo 5: utakaa kitini saa 18.

Helsinki hadi Tokyo zamani ilikuwa kama saa 9 na nusu. Sasa naona 13. Viwanja vimehamishwa?

Viwanja viko palepale. Tangu 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayapiti anga ya Urusi, hivyo ndege huzunguka.