Zaideko haisikilizwi kwa kukaa

Kila anayehamia Houston kutoka kwetu huulizia mambo yaleyale: nyama halali inauzwa wapi, ibada ya Kiswahili iko wapi, Wakongo wanapiga wapi rumba Jumamosi. Hakuna aliyewahi kuniuliza zaideko inapigwa wapi. Basi leo namjibu asiyeuliza.

Zaideko ni muziki wa Wakrioli, watu weusi wa kusini-magharibi mwa Louisiana ambao wazee wao walizungumza Kifaransa. Majirani zao Wakajuni ni wazungu, uzao wa walowezi wa Kifaransa waliofukuzwa na Waingereza huko Nova Scotia kuanzia mwaka 1755. Wote wanapenda kodiani, na chimbuko la nyimbo zao ni gumu kulitenganisha. Mwaka 1929 Amédé Ardoin, Mkrioli, alirekodi pamoja na Dennis McGee, mpiga fidla wa Kikajuni, na hadi leo kila upande unazihesabu nyimbo hizo kuwa zake. Ila usizichanganye bendi. Ukisikia fidla, pembetatu ya chuma na mwimbaji anayepaza sauti kama anayelia, hao ni Wakajuni. Ukisikia ngoma, gitaa la besi na bati linalokwaruzwa, umefika kwenye zaideko.

Mimi nimelelewa Tanga, kwenye taarabu. Fidla na kodiani nimezijua kabla sijajua kusoma, kwa hiyo kilichonivuta mwanzoni ni vyombo. Kodiani ya Wakajuni ni kijisanduku chenye vitufe kumi upande wa kulia, na kitufe kimoja hutoa sauti moja ukisukuma mivukuto na nyingine ukivuta. Ndiyo maana muziki wao unaruka-ruka. Mpigaji hana namna ya kuutuliza. Clifton Chenier, aliyezaliwa 1925 karibu na Opelousas, alichagua kodiani kubwa ya vibao kama vya piano ili apate noti zote za bluzi. Kwa maoni yangu hapo ndipo zaideko ilipojitenga na ndugu yake.

Unapotaka kuipima bendi, mtazame kwanza mpiga bati. Zamani walining'iniza shingoni ubao wa bati wa kufulia nguo. Mwaka 1946 Chenier, aliyekuwa akifanya kazi kwenye viwanda vya mafuta vya Port Arthur, hapahapa Texas, alimweleza fundi chuma Willie Landry atengeneze bati la kuvaliwa mabegani na kushuka hadi tumboni. Kaka yake, Cleveland, alilikwaruza kwa vifungulio vya chupa, na ndivyo wengi wanavyofanya mpaka sasa. Mpiga bati mzembe huonekana haraka: anafanya mbwembwe nyingi na wachezaji wanapoteza hatua. Aliye mzuri hata humwoni, ila miguu yako inamjua.

Sasa suala lenyewe. Bendi hizi hazipigi ili zisikilizwe. Watu wetu wakifika hushika meza, huagiza soda, huinua simu na kurekodi, kisha husema nyimbo zote zinafanana. Zinafanana kwa aliyekaa! Mwendo wa zaideko ni taratibu, haraka, haraka; kazi yote iko magotini na viunoni, na mnacheza hapohapo mliposimama. Kwenye ukumbi wa Kikajuni mambo ni tofauti: wachezaji huzunguka ukumbi kinyume cha saa, wenye mbio pembeni. Mgeni achezee katikati mpaka azoee. Anza na waltzi, mapigo yake matatu hayamchanganyi mtu.

Viatu viwe na soli ya ngozi au yoyote inayoteleza. Raba hung'ang'ania sakafu na kesho yake magoti yatakusimulia. Mwanamke anaweza kumwomba mwanamume wacheze, na kinyume chake, wala hakuna anayedhani umemtaka. Wimbo ukiisha mnashukuriana, kila mtu anarudi kwake. Mke wa mtu akiombwa na babu wa miaka themanini, tafadhali shemeji zangu, msinune. Na kutunza kupo, lakini si kwa mtindo wetu wa kumfuata mwimbaji na noti mkononi huku unacheza. Kuna ndoo au chupa mbele ya jukwaa. Weka hela yako, rudi.

Kuhusu chakula nitasema wazi kwa Waislamu wenzangu: boudin, ile soseji ya wali inayouzwa kila kituo cha mafuta ukishavuka mpaka wa Louisiana, ni ya nguruwe. Gumbo, ule mchuzi mzito wa huko, nayo mara nyingi ina soseji ya nguruwe ndani hata ikiitwa ya kuku, kwa hiyo uliza kabla ya kuchota. Samaki wa kukaanga na kamba-maji wa kuchemsha ndio waliobaki, ingawa hao nao uliza wamekaangwa au kuchemshwa na nini.

Hapa mjini, mtaa wa Frenchtown huko Fifth Ward ulijengwa na Wakrioli waliotoka Louisiana, na wengi walifuata baada ya mafuriko ya 1927. Humo ndimo Chris Strachwitz, mwenye kampuni ya rekodi, alipomkuta Chenier akipiga katika baa ndogo mwaka 1964. Kumbi za parokia za Katoliki zimekuwa na dansi za zaideko kwa miaka mingi, na huko ndiko ningempeleka mgeni kwanza, maana utakuta bibi na wajukuu wake wote wako ukumbini.

Ukishanogewa, nenda Louisiana Jumamosi. Tokeni Houston saa kumi na moja alfajiri kwa barabara kuu namba 10, mpinde kaskazini Crowley. Mjini Eunice, kwenye duka la kodiani la Marc Savoy, wapigaji hukutana kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Mamou iko mbele kidogo, na baa ya Fred's Lounge huko hufungua Jumamosi asubuhi, bendi ikirushwa moja kwa moja redioni. Mchukueni Mkongo mmoja garini. Rafiki yangu wa Bukavu alifika akaanza kubishana kwa Kifaransa na mzee wa pale kuhusu bei ya mchele, na tukachelewa kuondoka.