Kina gani na muda gani ni salama kwa anayepiga mbizi kwa pumzi moja akiwa peke yake?

Swali: Mwalimu, ni mwaka wa tatu sasa napiga mbizi kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa. Nikiwa na wenzangu nimefika mita 25, na nikijilaza kitandani ninabana pumzi kwa dakika 3 na sekunde 40. Siku hizi wenzangu hawapatikani, nami nimeanza kwenda peke yangu. Nimejiwekea mipaka: kina kisizidi mita 12, muda usizidi dakika 1 na sekunde 15, na saa yangu ya mkononi hulia muda huo unapofika. Je, mipaka hii inatosha au niipunguze? Na nikibaki kwenye bwawa lenye kina cha mita 2 tu, bado ninahitaji mtu wa kunitazama?

Jibu: Ndugu msomaji, ni wazi kwamba umelifikiria jambo hili, na mipaka uliyojiwekea ni ya kiasi ukiilinganisha na uwezo wako. Hata hivyo siwezi kukuambia kwamba inatosha, wala sitakupa namba nyingine ndogo zaidi, kwa sababu hakuna kina wala muda unaomfanya mpiga mbizi aliye peke yake awe salama. Mipaka yako inapunguza uwezekano wa kuzimia majini. Haibadilishi hata kidogo kinachofuata baada ya kuzimia, na kwa mtu asiye na mwenzake kinachofuata ni kufa maji.

Tatizo la kwanza ni kwamba mwili hauna king'ora cha kuaminika cha upungufu wa oksijeni. Hamu ya kupumua, pamoja na ile mikazo ya kiwambo kati ya kifua na tumbo unayoihisi ukikaribia mwisho wa pumzi, husababishwa hasa na kuongezeka kwa kaboni dayoksaidi katika damu. Mtu akivuta na kutoa pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama, huiondoa gesi hiyo kwa wingi, huku oksijeni ikiongezeka kidogo mno, kwa kuwa damu ya mtu mwenye afya huwa tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kuibeba. Matokeo yake ni kwamba oksijeni inaweza kuisha kabla hamu ya kupumua haijafika, na mtu akazimia akiwa anajisikia vizuri kabisa. Si lazima ufanye hivyo kwa makusudi: wasiwasi, baridi, au haraka ya kurudi chini baada ya mbizi iliyotangulia hutosha kukufanya upumue kupita kiasi bila kutambua. Ndiyo maana ninawasihi wanafunzi wangu wapumue kawaida, kwa utulivu, kisha wavute pumzi moja kamili na kuzama.

Tatizo la pili liko katika kupanda. Katika mita 12 shinikizo linalokuzunguka ni takriban angahewa 2.2, yaani mara 2.2 ya shinikizo lililo juu ya maji. Tuseme umekaa huko hadi oksijeni ikabaki asilimia 4 ya hewa iliyo mapafuni. Shinikizo la oksijeni hiyo pekee bado ni karibu 0.09 ya angahewa, ambalo huweza kuufanya ubongo uendelee na kazi, nawe unajiona una akiba. Ukifika juu, asilimia ile ile 4 inakuwa 0.04 ya angahewa, na hapo fahamu hupotea. Katika hesabu hii nimeacha pembeni oksijeni ambayo misuli yako inaendelea kuitumia unapopiga mapezi kuelekea juu, na hiyo huifanya hali iwe mbaya zaidi. Basi sehemu iliyo hatari kuliko zote ni mita 10 za mwisho pamoja na sekunde za mwanzo baada ya kichwa kutoka majini, kwa kuwa hewa mpya uliyoivuta huchukua sekunde kadhaa kutoka mapafuni hadi kwenye ubongo. Wengi huzimia wakiwa tayari wamevuta pumzi ya kwanza, na wengine hutetemeka na kushindwa kuudhibiti mwili, hali ambayo wapiga mbizi huiita samba.

Ukiitazama mipaka yako kwa jicho hilo, utaona kwamba inapima kitu kisicho tulivu. Sekunde 75 za asubuhi uliyolala vizuri na maji yametulia hazifanani na sekunde 75 za siku ambayo una uchovu, umepambana na mkondo, na hiyo ni mbizi yako ya ishirini. Namba ya kitandani haikusaidii hapa hata kidogo, kwa sababu kitandani misuli imelala. Saa nayo humwamsha aliye macho tu, na haiwezi kukunasua kwenye wavu au kamba iliyokushika mguu.

Wala kubaki ndani ya nusu ya uwezo wako si kinga. Natalia Molchanova wa Urusi, aliyekuwa na rekodi nyingi za dunia na aliyewahi kufika mita 101 kwa nguvu ya mapezi yake, alizama tarehe 2 Agosti 2015 karibu na kisiwa cha Formentera, Hispania, katika mbizi iliyokadiriwa kuwa ya mita 30 hadi 40. Hakuonekana tena, na ilidhaniwa kwamba alichukuliwa na mkondo mkali. Kwake yeye hicho kilikuwa kina cha kawaida kabisa.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kingine: ni nani atakayekufikia, na baada ya sekunde ngapi. Mtu aliyezimia majini mara nyingi koo lake hujifunga kwa muda mfupi, na maji hayaingii mapafuni mara moja. Akifikishwa juu katika muda huo, uso ukatolewa majini, barakoa ikavuliwa, akapuliziwa hewa usoni, akaguswa shavuni na kuambiwa kwa sauti apumue, kwa kawaida huzinduka ndani ya sekunde chache. Asipozinduka, mwenzake huanza kumpulizia pumzi za kuokoa, huku msaada ukiitwa. Asipokuwepo mtu wa kufanya hayo, koo hulegea, na tukio ambalo lingeisha kwa mapumziko na maji ya kunywa haliwi na mwisho huo.

Kwa hiyo hata ukipata mwenzako, kikomo chenu ni kina ambacho aliye dhaifu kati yenu anaweza kuzama na kumrudisha mwingine. Kama yeye anafika mita 10, nawe hufiki zaidi ya mita 10, hata kama siku nyingine umefika 25. Mmoja awe chini na mwingine juu, akitazama na asifanye jambo lingine; amfuate anayepanda kwa macho, kisha aendelee kumtazama kwa sekunde 30 baada ya kufika juu. Mapumziko kati ya mbizi yasipungue mara mbili ya muda uliokaa chini. Risasi za mkanda, yaani uzito unaovaliwa kiunoni ili kusaidia kuzama, zisizidi kiasi cha kukuacha ukielea hata baada ya kutoa pumzi ya kawaida. Aliyezimia au kupatwa na samba asirudi majini siku hiyo, hata akijisikia mzima.

Siku usiyo na mwenzako bado una mengi ya kufanya. Elea juu ya maji ukipumua kwa mrija bila kuzama, fanya mazoezi ya kunyoosha mbavu, zoea kusawazisha shinikizo la masikio ukiwa nchi kavu, na ubane pumzi ukiwa umelala kitandani au kwenye mkeka. Usifanye hivyo kwenye beseni la kuogea, wala ukiwa umesimama au unaendesha gari.

Kuhusu bwawa, jibu ni ndiyo, unamhitaji mtu. Ni kweli kwamba katika mita 2 badiliko la shinikizo ni dogo, lakini kuogelea urefu wa bwawa chini ya maji hutumia oksijeni kwa kasi, na maji ya kufika magotini yanatosha kumwua aliyezimia. Mlinzi wa bwawa hatoshi, kwa sababu akiwa mbali, mtu aliyezimia chini na mtu anayefanya mazoezi ya kutulia hufanana kabisa. Anayehitajika ni mtu anayejua unachofanya na muda uliopanga kukaa, ambaye yuko umbali wa mkono mmoja kutoka kwako na hana mwingine wa kumtazama. Asipopatikana, siku hiyo ogelea huku ukipumua.