Mbwa anatikisa mkia, kisha anang'ata: kulikoni?

Swali: Daktari, habari za kazi. Tuna mbwa dume wa miaka mitatu, tunamfuga kwa ulinzi hapa Morogoro. Zamani mwanangu wa miaka sita akimkaribia wakati anakula, alikuwa ananguruma. Baba yake akawa anamchapa fimbo mpaka akaacha. Juzi mtoto alipita karibu na sahani yake, mbwa akamrukia na kumchubua mkono kwa meno. Hakunguruma hata kidogo, na mkia ulikuwa unatikisika! Chanjo anayo. Je, ni kichaa?

Jibu: Nzuri, mama. Tuanze na mkono wa mtoto. Kama ngozi ilichubuka, hata bila damu kutoka, mpeleke hospitali leo hii na cheti cha chanjo ya mbwa. Jeraha la namna hii huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Kama hamkufanya hivyo, osheni sasa. Mbwa mfungieni ndani ya uzio, mmwangalie siku 10. Msingoje siku hizo ziishe ndipo mwende hospitali, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Hata hivyo, unayoyaeleza yanafanana zaidi na mbwa anayelinda chakula chake. Wala hakubadilika ghafla. Kunguruma kulikuwa onyo: sogea mbali, nina wasiwasi. Fimbo haikumwondolea hofu ya kunyang'anywa chakula, ila ilimfundisha kwamba akitoa sauti anapigwa. Hofu ikabaki, onyo likaondoka, na sasa anaanzia kwenye meno. Tafadhali zungumza na baba yake kwa utulivu juu ya hili, kwani ni kosa ninaloliona katika nyumba nyingi nzuri. Akinguruma tena, mwondoeni mtoto na msimwadhibu mbwa.

Kuhusu mkia, kutikisika kunaonyesha tu kwamba mbwa amesisimka. Furaha inaonekana mwili ukiwa umelegea, kiuno kinayumba pamoja na mkia, mdomo uko wazi kidogo. Mkia uliosimama juu, mgumu, unaotikisika kwa mapigo mafupi ya haraka, ni wa kuogopwa. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mbwa akimwona mmiliki wake, mkia huelekea zaidi kulia, na akikutana na mbwa mgeni mbabe huelekea kushoto. Nyumbani usihangaike kupima upande. Tazama mwili mzima.

Kabla ya kunguruma huwa kuna dalili za kimya, na hizi ndizo ningependa mzijue wote. Anaacha kutafuna na kuganda kichwa kikiwa juu ya sahani. Au anaanza kumeza harakaharaka. Weupe wa jicho unaonekana pembeni, kwa kuwa anakutazama bila kugeuza kichwa. Anajilamba pua wakati hakuna chakula, anapiga miayo hana usingizi, anageuza uso mtoto anapomkumbatia. Watoto hawazioni dalili hizi, kwa hiyo mtu mzima ndiye wa kuziangalia.

Kuanzia leo alishwe nyuma ya mlango au geti lililofungwa, mahali mtoto hapiti. Asiwe kwenye mnyororo wakati wa kula, kwa sababu mbwa asiye na pa kukimbilia hubakiwa na meno tu. Mtu yeyote asitie mkono kwenye sahani eti anamzoesha. Siku 10 zikiisha salama, wewe au baba yake apite mbali, amrushie kipande cha nyama kizuri kuliko anachokula, na aendelee na safari yake. Wiki hadi wiki punguzeni umbali, ikiwa tu bado amelegea. Akiganda, mmesogea mno, rudini nyuma. Mtoto asishiriki zoezi hili kabisa.

Mwombeni pia daktari wa mifugo aje nyumbani amkague meno, masikio na viungo, maana maumivu humfanya mbwa mpole akose subira.