Uniti zinaisha haraka? Anza na kile kitaa cha mita ya LUKU

Mleta uzi, umesema uko Moshi, umeme wa elfu 20 haumalizi wiki mbili, na umeshaweka taa za LED nyumba nzima bila kuona nafuu. Pole sana mkuu. Taa siyo mchawi wako: taa nne za wati 9 zikiwaka saa tano hazifikishi hata robo uniti. Kinachokula umeme ni chochote kinachotengeneza joto, na huku kwetu mwezi wa sita na wa saba nani anaoga maji ya baridi?

Mimi niko Njiro, Arusha, nyumba ya kupanga, tupo watano. Mwaka jana tulikuwa tunamaliza uniti 7 kwa siku. Fundi mmoja akaniambia nisinunue kitu chochote kabla sijaisoma mita. Yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kile kitaa chekundu kikipepesa mara 1000, uniti moja imeondoka. Hesabu kwa dakika moja, zidisha mara 60, hizo ndizo wati zinazoliwa muda huo. Kama yako ni 1600, jibu ligawanye kwa 1.6.

Tukazima kila kitu, friji tukachomoa. Kitaa kikaendelea, mara 25 kwa dakika. Wati 1,500, na hakuna anayetumia chochote! Ilikuwa hita ya tangi iliyo darini. Swichi yake iko koridoni nyuma ya pazia, haijawahi kuzimwa tangu tuhamie. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakuta chini ya bomba la valvu ya tangi, ile inayotoa maji presha ikizidi, nyasi zimestawi peke yake, kwingine kote pamekauka. Nikakinga kiganja: maji ya moto. Tone kwa tone, usiku na mchana, na kila tone linalotoka, tangi linavuta maji ya baridi na hita inawaka upya.

Tulibadilisha valvu. Sasa hita inawashwa saa 11 na nusu alfajiri, inazimwa saa 12 na robo, kisha watu wanaoga kwa kufuatana kabla maji hayajapoa. Tumeshuka mpaka uniti 4 kwa siku.

Friji nayo uipime: banisha karatasi mlangoni, uivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka, na mpira unauzwa peke yake. Isogeze pia mbali na jiko.

Kama mko wawili tu, pigania kubaki chini ya uniti 75 kwa mwezi. Kwenye daraja la bei la TANESCO la matumizi madogo, D1, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, wakati daraja la kawaida ni 292. Hiyo tofauti inalipa ada ya mtoto.

Leo usiku zima vyote, hesabu dakika moja, uje na namba hapa tuone ni nini kinachokula.